Samli Niliyoitia Kwenye Kibodi ya Mwanangu

Mpendwa mshauri, Shangazi Loyce, naomba msaada, lakini kwanza ugonile, habari za hapo ofisini na za wote mnaotengeneza gazeti. Sisi huku Isongole tupo, baridi ndiyo hiyo unaijua, mume wangu Meshaki hajambo isipokuwa goti, mama yake bibi Agness hajambo, anakula vizuri ila anasahau kwamba amekula, binti yangu Tulia hajambo yuko shuleni, ng'ombe amezaa dume, mwanangu mkubwa Amoni hajambo wa mwili lakini haongei, na mke wake Elina, mkamwana wangu, huyo siwezi kukuambia hajambo au anaumwa kwa sababu hayupo, yuko kwao Masukulu, na aliyemfanya aondoke ni mimi, na hakuna anayejua. Naandika kwa mkono wangu, shule niliishia la nne, ningemwomba Tulia aniandikie lakini angejua, basi ukikuta maneno yamepinda yanyooshe.

Amoni anafanya kazi steshenari kule Tukuyu mjini, anachapa barua za watu na kutoa kopi, na huko ndiko alikoupatia huu ugonjwa wa kibodi, yaani kile kibao cha kompyuta chenye vibonye vya kuandikia. Mimi nilidhani kibodi ni kibodi kama sufuria ilivyo sufuria, kumbe wako watu wanaozipenda kama wengine wanavyopenda mpira, wako Mbeya, wako Dar, wanatumiana kwenye simu sauti ya kibodi, sauti tu Shangazi, mtu anachapa mwenzake anasikiliza anasema aah hiyo tamu. Chini ya kila kibonye kuna kidude wanaita swichi, kina kispringi ndani, na swichi nazo zina makabila yake, kuna zinazoteleza, kuna zenye kigongo katikati, na kuna zinazolia ka! kama umevunja kuni kavu. Amoni anazifungua moja moja, anapaka mafuta kwa brashi ndogo kama ya kupakia rangi kucha, anazifunga, anasikiliza. Nilimuuliza mafuta ya nini, akasema, "Ya kupunguza kelele mama, nikishapaka zinatulia." Hayo maneno naomba uyakumbuke.

Usidhani nilikuwa nazichukia. Jioni akirudi alikuwa ananiita, mama njoo usikie, ipi nzuri, hii au hii, na mimi siku moja nikamwambia ile ya kushoto, inalia kama mahindi yanayodondokea kwenye debe lililojaa nusu. Akacheka sana, akasema mama una sikio kuliko hao wa Dar, akaitengeneza yote hivyo nilivyosema, ndiyo alikuwa aende kuionyesha Mbeya kwa wenzake.

Sasa akafariki jirani yetu mzee Andongwisye. Na kwetu msibani mtu hashiki jembe, hatwangi, hata redio inazimwa. Siku ya kwanza jioni sisi wanawake tumekaa ndani kwa marehemu, kimya, mara tunasikia kutoka nyumbani kwangu, ka-ka-ka-ka-ka. Amoni alikuwa amekwenda kubadilisha nguo, akaiona kibodi yake, akajisahau. Jirani yangu Marietha akaniinamia, lakini kwa sauti ya kusikika na wote, "Mama Amoni, kwenu mnakaanga bisi? Mtuletee na sisi basi, tunalia na njaa." Wanawake wakacheka ndani ya khanga. Shangazi, nilitamani mkeka unimeze. Elina akanyanyuka akatoka mbio, tukamsikia anapiga kelele dirishani, "Amoni! Watu wana maiti ndani, wewe unachezea vidude! Siku moja nitakimwagia maji hicho!" Nyumba nzima ya msiba ilisikia, na kibodi ikanyamaza.

Kesho yake Amoni alikwenda na vijana kuchimba kaburi, Elina alikuwa jikoni msibani, mimi wakanituma nyumbani kuchukua sufuria kubwa. Nikapita chumbani kwao nikaiona imekaa pale mezani. Nikasema moyoni, huyu mtoto anapaka mafuta kidogo mno ndiyo maana kinalia, na matanga bado, leo atakigusa tena nichekwe tena. Nikapasha moto samli yetu ya ng'ombe ikawa maji, nikavibandua vibonye kwa mpini wa kijiko, nikadondosha kila shimo, nikavirudisha, nikarudi msibani na sufuria yangu na roho nyeupe kabisa, kama mtu aliyetia mafuta bawaba ya mlango.

Baridi ya Isongole, Shangazi. Samli iliganda. Amoni alipoikuta, ukibonyeza kibonye kinazama hakirudi, na chumba kinanuka maziwa, na sisimizi wamejipanga kama wanakwenda sokoni. Alitoka nayo uani ameibeba kwa mikono miwili kama mtoto mgonjwa.

"Nani ametia samli humu?"

"Samli?" Elina akauliza.

"Nusa! Si wewe uliyesema utaimwagia maji? Watu wote wamesikia."

"Nilisema maji, sikusema samli."

"Kwa hiyo ukabadilisha."

"Amoni, si mimi."

"Kama si wewe ni nani? Mama yangu?"

Na mimi nilikuwa hapohapo namenya ndizi. Kisu kilisimama. Nikajiambia sasa sema, sasa sema, na mdomo ukawa kama si wangu. Elina akanitazama, hakunitazama sana, na huyu ndiye anayesukasuka maziwa yetu, samli yote iko mikononi mwake. Akasema, "Basi, niwe mimi." Amoni akamwambia kila ninachokipenda wewe unakiita kidude, nenda kwenu ukapumzike mbali na vidude vyangu. Akafungasha. Akaja kuniaga, akapiga magoti, akasema, "Mama, uji wa bibi uko karibu na moto, usije ukaungua." Akaenda kupanda bodaboda, nami nikaenda kuutazama uji.

Tangu siku hiyo Amoni akirudi anakula anaingia ndani, haniiti kusikiliza kitu. Sasa wazazi wa Elina wametuma ujumbe kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi wanakuja na wazee wao kuuliza kosa la binti yao, na Amoni anasema atalisema mbele ya wote, kwamba mke anayeharibu kazi ya mikono yake hamtaki. Ningemtuma mume wangu akayamalize kabla, lakini Meshaki anashika mila yetu ya Kinyakyusa, baba mkwe na mkamwana hawatazamani, wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani, ataanzaje kwenda kukaa naye azungumze? Na mimi mama mkwe kumwomba radhi mkamwana, sijawahi kuona. Amoni akijua kwamba nilimwacha mkewe aondoke huku nimeshika ndizi, ataniitaje mama? Nitakueleza yote hata la kunitia aibu zaidi, juzi nimefikiri niseme ni bibi, maana bibi anasahau, akiulizwa hatakataa. Nililifikiri hilo nikiwa namlisha.

Nisaidie, jina langu usilitoe. Na nijibu upesi Shangazi, hata neno moja tu, Jumapili hiyo isinikute bado nasubiri.

Ndaga, asante sana. Ni mimi mama wa Isongole.

*

Mama yangu,

Umeniomba nifiche jina lako baada ya kunisalimia kwa majina ya nyumba nzima! Nimeyabadilisha yote. Goti la mzee nimeliacha kama lilivyo.

Nianze na pole. Kutia samli hukukosea kwa ubaya. Ulitaka kuistahi nyumba yako mbele ya msiba, ukafanya kwa akili uliyokuwa nayo, na mafuta uliyoyajua ni hayo. Ungesema siku ileile, leo Amoni angekuwa anawasimulia wenzake wa Mbeya na wangecheka mpaka walie. Mtu hagombezwi kwa asichokijua. Anagombezwa kwa alichonyamazia, na hapo nitakugombeza, kwa hiyo kaa vizuri.

Mwanao aliuliza na jina lako likiwa mdomoni mwake. "Mama yangu?" Mlango ulikuwa wazi hivyo, ukabaki umeshika ndizi. Kisha mtoto wa watu akakupigia magoti akakukumbusha uji, nawe ukauwahi uji usiungue. Na bado hukushiba, ukaanza kumtazama bibi asiye na kumbukumbu ya kujitetea! Hilo la bibi lifukuze leo. Ukimtwika mama mkwe wako kosa lako, siku ukizeeka nawe utaogopa kila kijiko watakachokupa.

Unasema hakuna anayejua. Elina anajua. Mwanamke anayesukasuka maziwa anajua samli iliyopungua kijiko na iliyopungua bakuli. Alikutazama, akaelewa, akachagua. Maneno mawili tu, "muulize mama," yangemwacha nyumbani kwake. Hakuyasema kwa sababu wewe ni mama na yeye amelelewa. Unaiogopa aibu itakayokuja, na mwenzako ameshaibeba, analala nayo Masukulu, anaamka nayo mbele ya wazazi wake wanaomuuliza umefanya nini na hawajibu. Sasa nani mkubwa hapo?

Unauliza kama mama mkwe humwomba radhi mkamwana. Huomba. Hukuona kwa sababu wanaoomba hawapigi mbiu. Mila ya mzee iheshimu, abaki nyumbani na goti lake, lakini mila hiyo inamfunga yeye na mkwewe, haikukufunga wewe mdomo. Usijifiche nyuma yake.

Basi fanya hivi. Jumapili ya wazee usiisubiri, wakishakaa kitako watu wazima kumi na maneno yao hakuna atakayeweza kurudi nyuma, wala Amoni. Mwambie Amoni mbele ya baba yake. Usianze na Marietha, usianze na bisi, usianze na baridi. Anza na "ni mimi," halafu mengine yafuate. Atakasirika, mwache akasirike, usilie ili akubembeleze. Kesho yake pandeni wote wawili mwende Masukulu. Mkungu wa ndizi unaweza kuuchukua lakini uache mlangoni mpaka umalize kusema, zawadi isitangulie maneno. Na useme mbele ya wazazi wake, maana hapo ndipo jina lake lilipochafuka. Akirudi siku hiyo, vema. Akisema apewe nafasi, mpe. Usimvute mkono.

Na wewe Amoni, najua mama yako atakuonyesha ukurasa huu, kwa hiyo nawe sogea. Penda kibodi zako, sina neno, kijana anayetengeneza kitu kwa mikono yake ni bora kuliko anayekaa kijiweni. Samli hutoka kwa spiriti na subira, fungua moja moja kama ulivyozoea. Lakini baba, unaweza kusikia swichi moja iliyopakwa vibaya kati ya zote, na mkeo aliposimama mbele yako akasema si mimi, hukusikia kitu. Halafu ukachapa kibodi kwenye msiba wa jirani! Ukifika Masukulu na wewe una la kuomba, usimsukumie mama peke yake.

Mama, jibu langu usilikunje ukaliweka chini ya godoro mpaka upate moyo. Moyo hautakuja. Amoni akirudi leo kutoka mjini, mwambie kabla hajavua koti. Akishakaa na kula, utamwonea huruma kumharibia chakula, na kesho utamwonea huruma tena.