Ng'ombe Wanne wa Benki

Jumatatu, 3 Juni
Baridi imeniingia mpaka mifupani. Dirisha letu la Kiislamu hapa benki limepata wateja wawili tangu asubuhi, mmoja alikuja kuuliza choo. Benki ya ng'ambo ya barabara wameweka spika mlangoni: mkopo ndani ya siku moja! Mimi namhangaikia mteja mmoja anayetaka ng'ombe, Mama Zuhura, tangu masika.

Jumanne, 4 Juni
Nimekwenda Oldonyo Sambu kununua ng'ombe. Mimi, mtu wa kalamu! Ndiyo kazi yetu. Hatukopeshi hela kwa riba, benki inanunua kitu, kinakuwa mali yake, ndipo inamuuzia mteja kwa faida, alipe kidogo kidogo. Kwa hiyo leo mitamba wanne chotara, wote wana mimba, ni wa benki. Laizer, aliyetuuzia, kacheka mpaka machozi. Kaniuliza benki itawachunga wapi. Nimemwomba wabaki bomani kwake mpaka Mama Zuhura asaini.

Alhamisi, 6 Juni
Makao makuu Dar hawajaidhinisha bei ya kumuuzia. Bosi wa huko kasafiri. Vocha imekwisha, sijapata jibu. Mama Zuhura kapita na kamba nne mpya. Mjane huyu anachuuza maziwa ya watu Levolosi miaka yote, sasa anataka ya kwake. Ng'ombe kashawapa majina. Nimeona aibu.

Ijumaa, 7 Juni
Laizer kapiga simu mapema. Mtamba mmoja hataki kula, ana homa, tezi zimevimba. Ndigana, ugonjwa wa kupe. Akifa kabla hatujamuuza, hasara ni yetu. Ndivyo inavyotakiwa, asiyebeba hasara, faida anaidai kwa lipi?

Saa nne idhini ikafika. Saa nne! Meneja akaniita, akafunga mlango. Mama asaini leo leo, na habari za homa nijifanye sijazisikia. La sivyo dirisha linafungwa, nami nitafute pa kwenda.

Mama Zuhura kaja kajitanda khanga mpya. Kalamu mkononi, akauliza, "Wanangu hawajambo?"

Nikamwambia. Akaiweka kalamu mezani, akaondoka bila kunilaumu. Nina hofu. Nina hasira na meneja, na kidogo na huyu mama. Angesaini tu bila kuuliza.

Jumatatu, 10 Juni
Yule mtamba kafa. Meneja hajibu salamu yangu. Amri ya Dar: watatu waliobaki wauzwe taslimu, haraka, na dirisha lisimamishwe. Daktari wa mifugo kawachoma sindano. Anasema huenda wakapona.

Jumatano, 12 Juni
Mnunuzi kapatikana. Mama Zuhura! Hela kakopeshwa na wale wa benki ya ng'ambo ya barabara, kweli kwa siku moja, na hati ya nyumba kaiacha kwao. Hawakuuliza ng'ombe wana afya gani. Wakaulizie nini, wakati nyumba wanayo? Nimemsihi asubiri tuone kama watapona. Kasema bei ni nzuri, na mimi nimeshamchelewesha vya kutosha. Nimemkabidhi mwenyewe.

Jumanne, 18 Juni
Wa pili kafa, uani kwa Mama Zuhura. Huyu si wetu. Meneja kasikia, kashusha pumzi, kaagiza supu. Rejesho la kwanza la mama ni mwisho wa mwezi. Nimejificha msalani nikalia. Nilisema ukweli, nikamsukuma hukohuko kwenye shimo. Sijui ningefanya nini. Mpaka sasa sijui.

Jumapili, 23 Juni
Nimekwenda kwake Levolosi. Nimesimama mlangoni muda mrefu kabla ya kubisha. Shikamoo yangu haikusikika vizuri, lakini kaitikia. Kanipeleka uani. Mtamba mmoja anakula. Mwingine kalala, pua kavu. Mama Zuhura kachuchumaa, anamsogezea majani mdomoni, anayaokota yakianguka, anamsogezea tena. Nikakunja mikono ya shati, nikachuchumaa upande wa pili, nikachukua majani.