Wapigaji Mbele

Jumatatu, 3 Machi
Majaribio ya tovuti yetu ya nyimbo za zamani tena, hapa Kigali. Chai ya tangawizi, kompyuta mbili, mimi kwenye kona na kalamu. Kazi ni moja tu: tafuta wimbo wa mtu unayemjua, uusikilize. Walioalikwa kuijaribu wote wamehangaika. Wote wamesema nzuri. Mama Solange, muuza vitambaa wa mtaa wa Niboye, kabofya huku na huku, katabasamu, kaniambia, "Iko muzuri sana." Hakusikia hata wimbo mmoja. Mimi mtu wa Tanga, kwetu kitu kibaya unaambiwa usoni kabla hujakaa. Hapa nabaki na sifa nisizoweza kuzifanyia kazi. Nimechoka na adabu.

Jumatano, 5 Machi
Nimebadili mbinu. Watu wawili kwenye kompyuta moja, mmoja amwelekeze mwenzake, mimi nje ya mlango. Loh! Kumbe midomo wanayo. Wamesema lile nililoliogopa: ukurasa wa mbele umepangwa kwa majina ya waliorekodi, wenye kinasa sauti. Nani anawajua hao? Watu wanamtafuta mpigaji wa ala.

Mpangilio ni wa Mkurugenzi wetu. Rekodi nyingi alizichukua mwenyewe ujanani, akizunguka milimani, na jina lake ndilo la kwanza. Aliponionyesha Januari nilimwambia uko vizuri. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, anayesaini ni yeye. Kwa hiyo adabu hiyo na mimi ninayo.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua. Mama Solange kapiga simu. Kwa upole kabisa kauliza kama mtu akifa huwa tunafuta nyimbo zake. Marehemu mumewe alipiga inanga, ala ya nyuzi ya huku, na taasisi yetu ilimrekodi. Siku ya majaribio hakumwona. Karudi nyumbani, kawaambia watoto baba yao ametolewa.

Nimeitafuta rekodi yake. Ipo. Iko ndani kabisa, chini ya jina la Mkurugenzi. Nilitaka kumtumia kwenye simu, kakataa. Atakuja Ijumaa ya wiki ijayo, aikute mwenyewe palepale alipoikosa.

Aibu tupu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeenda kwa Mkurugenzi. Amekulia Karagwe, Kiswahili chake kimenyooka, na hapendi kuzungushwa. Nikazunguka hata hivyo. Mvua, foleni ya kuteremka kilima cha Rebero. Mwisho nikasema, "Mzee, mpangilio wa ukurasa wa mbele ni mbaya. Nilijua tangu Januari."

Kavua miwani. Kauliza mbona nilimsifia. Nikajibu niliogopa kunyimwa mkataba. Nikamweleza habari ya Mama Solange yote. Kachukua koti, katoka.

Basi, nimejichongea. Nimeanza kuwazia kufunga mizigo ya kurudi Tanga.

Jumanne, 11 Machi
Kwa Mkurugenzi hata salamu hakuna. Nimechora ukurasa mpya vivyo hivyo: wapigaji juu, waliorekodi chini kwa herufi ndogo. Nimemwekea mezani. Naogopa. Na hasira pia ninazo, muda wote huu watu wanatafuta wazee wao, wanamkuta yeye.

Jumatano, 12 Machi
Mkurugenzi kaja kwenye meza yangu kabla ya chai. Anamkumbuka yule mama. Siku ya kurekodi, nyumbani kwao, mama alimpikia isombe, kisamvu cha huku, naye akala akashiba. Jina lake hakuliuliza.

"Wapigaji mbele," kasema. "Mimi nitoe pale juu."

Mkataba hakuutaja. Sikuuliza. Nimefanya kazi mpaka macho yakauma.

Ijumaa, 14 Machi
Mama Solange kaja peke yake. Kaandika jina la mumewe kwa kidole kimoja, polepole. Likatokea. Kabofya. Kabla inanga haijalia, mtu anakohoa. Mama kashika ukingo wa meza.

"Siku hiyo alikuwa na homa," kasema. "Nilimukataza kuimba."

Kasikiliza hadi mwisho, nami sikuandika chochote. Kisha akataka kurudia. Kaniambia hapo pa kubofya kurudia hapaonekani, nimepaficha. Ni kweli. Nitapatengeneza Jumatatu.