Fyuzi Nyuma ya Kabati la Mama

Malindi, Jumanne, Juni 1986

Nimechoka kubishana na mdogo wangu Athmani kuhusu kodi. Leo fundi alikuja kukagua stima kabla hatujaipangisha nyumba ya Mama. Alipouliza fyuzi kuu iko wapi, Athmani akashika bisibisi, akaelekea kwenye mita.

"Ngoja, bwana," fundi akamwambia. "Hata ukizima swichi kubwa, huko stima bado ipo. Tutazame kwa macho tu."

Akaufuata kwa tochi ule waya mnene unaotoka barabarani. Uliishia nyuma ya kabati la Mama. Sikuwa nimelisogeza tangu tumzike.

Tulipolivuta, tuliona kijisanduku cheusi chenye muhuri wa madini ya risasi, na ukuta pembeni yake umeungua.

"Hii ndiyo fyuzi kuu," fundi alisema. "Mimi sina ruhusa ya kuifungua. Waiteni watu wa kampuni ya stima leo leo, wakate stima."

Walikuja alasiri, wakakata. Tungechelewa, sijui...

Pale nyuma ya kabati rangi ya ukuta bado ni ile ya samawati, ya mwaka tulioingiziwa stima. Siku ile Mama aliwapikia majirani kaimati, akawa anawasha taa na kuzima, akicheka. Baba akamwambia, "Basi, mke wangu, utaichosha."

Nimewasha kandili. Nilimkumbusha Athmani siku hiyo.

"Dada," akasema, "wakishatengeneza, tuhamie humu sisi wenyewe."

Tangu tumzike Mama nilikuwa naogopa kulisema hilo.