Mlango Uliotazama Uwanja wa Mpira

Aline wangu,

Mkuu wa mafundi wote wa Kigali anakusalimu. Ukiona ghorofa yoyote kuanzia Rebero mpaka Batsinda, jua mkono wangu umepita. Mama yako hajambo, ng'ombe wake amezaa.

Umeuliza kwa nini nilivunja ukuta wangu mwenyewe pale shuleni Kabeza. Mwanangu, bado nimeduwaa. Nilipewa kazi ya chumba cha wasichana, mahali pa kubadilisha pedi na kupumzika wakiwa kwenye siku zao. Nikaweka mlango mpana unaotazama uwanja wa mpira, nikaupaka rangi ya waridi ambayo hata marubani wanaiona wakitua. Kila mtu akasifu.

Asubuhi moja namwona msichana amefunga sweta kiunoni, anaelekea getini.

"We binti, chumba kile pale! Maji yapo, pedi zipo!"

"Mzee, nikiingia pale wavulana wote wanapiga makofi. Afadhali nikose mtihani."

Ayiwe! Mtihani! Kwa sababu ya mlango wangu!

Nikakimbia kuchukua turubai, nikalitundika kama pazia kuanzia vyoo vyao mpaka mlangoni. Akapita nyuma yake bila kuonekana, na mtihani akaufanya. Kesho yake nikaziba ule mlango, nikatoboa mwingine kwa nyuma.

Mama yako asijue hili: nilimuuliza mwalimu wao kama kuibandua pedi kunauma sana. Miaka yote hii, na mabinti watatu nyumbani, nilidhani inabandikwa kwenye ngozi kama plasta.

Mjomba wako