Kwa Nini Mashine ya Neema Haikufika Jumamosi

Mbeya,
Jumanne, baada ya kazi.

Mke wangu mpenzi, Mama Neema,

Kamwene. Hamjambo hapo Kihesa? Mama mkwe kifua kimepoa? Na lile jino lako lililokuwa linakuamsha alfajiri, umelipeleka hospitali au bado unalibembeleza kwa karafuu? Mimi mzima, ukiacha baridi ya huku ambayo haibishi hodi, na kidole gumba cha kushoto nilichokibana kwenye springi. Viungo vingine vyote vinafanya kazi.

Najua una neno na mimi. Utingo wa basi amenieleza yote. Jumamosi mlikuwa stendi, wewe na Neema, na mkokoteni mmeazima kwa jirani, mkangoja mpaka mzigo wa mwisho ukashushwa kutoka juu ya basi, na wa mwisho ulikuwa tenga la kuku. Anasema ulimwambia, "Kamwambie huyo fundi wenu mashine yake tumeiona. Imetaga." Mama Neema, nilicheka mpaka utingo akaniangalia vibaya, halafu nikaona aibu. Barua hii ni ya kujieleza. Nitajieleza vizuri, maana safari hii nina la kusema.

Lakini kwanza kuna jambo. Hii ni barua ya kwanza ninayokuandikia nikijua utaisoma kwa macho yako mwenyewe. Tangu umalize kisomo nilikuwa naogopa kidogo. Miaka yote hii barua zangu alikusomea Mwalimu wa jirani, nami nikawa naandika kama ripoti ya stoo: mvua zimenyesha, mbolea imefika, wasalimie wote. Mtu unawezaje kumwambia mkeo umemkumbuka, ukijua neno hilo litapita kwanza kwenye mdomo wa mwanamume mwingine mwenye sharubu? Basi nimekukumbuka. Haya, hilo limekwisha, tuendelee na mashine. Nimeandika herufi kubwa. Ukichoka pumzika, barua haikimbii.

Unajua mambo yalivyo. Neema hakushindwa mtihani ule wa kupiga chapa kwa ujinga. Alishindwa kwa sababu pale wanapofundishwa mashine moja inagombewa na wasichana sita, na zamu yake ikifika utepe umekwisha wino. Ofisi inayotafuta mpiga chapa imemwambia arudi mwisho wa mwezi ajaribiwe mara ya pili, na safari hiyo akikosa, nafasi anapewa mwingine. Mashine mpya madukani hakuna, na ingekuwepo, mtunza stoo kama mimi angeitazama tu dirishani. Ndipo nikasema nitaunda moja. Na wewe ukacheka, ukanikumbusha ile redio niliyoifufua ikawa inakoroma taarifa ya habari. Nakiri ile redio ilikoroma. Ila hii ni habari nyingine.

Kwenye stoo yangu kulikuwa na mashine mbili za chapa zilizokwisha kufa. Ya kwanza tarishi aliiangusha ngazini, fremu ikapasuka na vikono vya herufi vikapinda kama miguu ya panzi. Ya pili karani mmoja aliimwagia chai ya maziwa, akaifungia kabatini bila kuifuta, kutu na sukari vikala vikono vyake vyote. Zote mbili zilikwisha kufutwa vitabuni, zinangoja kutupwa. Sikuiba, Mama Neema. Nilimwomba mkuu wangu, akaniandikia karatasi, akaigonga muhuri. Alipomaliza akaniuliza, "Unataka kuzizika wapi?"

Nikazifungua zote mbili juu ya kitanda changu. Fremu nikachukua ya ile ya chai, maana ilikuwa nzima. Gari la kubebea karatasi, pamoja na roli ya mpira na kengele, nikachukua la ile ya ngazini. Vikaoana bila ugomvi, kwa kuwa ni za kiwanda kimoja. Hilo nilijifunza kwa taabu. Mwanzo nilijaribu kutia roli ya kiwanda kingine, maana mpira wake ulikuwa mpya, nikahangaika nayo Jumapili mbili, mpaka nikaelewa kwamba vyuma navyo vina ukoo, na mgeni hakai kwenye kiti cha mwenye nyumba.

Kilichobaki ni vikono na vitufe. Nikaambiwa Uyole yuko mwinjilisti mstaafu mwenye mashine ya ukoo huohuo. Aliachiwa na mmisionari wa Kijerumani aliyerudi kwao, ikafa gari la karatasi, mzee akawa anazuilia nayo mlango wa jiko. Nikaenda. Vikono vyote vizima, vinang'aa kama meno ya mtoto. Nikamuuliza anataka nini.

Sasa hapa kaa vizuri.

Mzee akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Hela zenu hizi mimi nitazifanyia nini, mwanangu? Baridi ndiyo inayoniua. Hilo koti je?"

Ndiyo, koti lile la sufu. Ulilolinunua kwa mahindi ya msimu mzima. Nililivua palepale. Mzee akalivaa, akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," na mimi nikarudi mjini nimekumbatia chuma, meno yanagongana kama mashine yenyewe. Unaruhusiwa kunigombeza. Ila nigombeze kwa maandishi, uzidi kufanya mazoezi.

Nikahamisha kapu zima la vikono pamoja na vitufe vyake. Kazi ya jioni tisa. Niliona kuna herufi tatu nne za ajabu, "o" yenye macho mawili juu ya kichwa, na "u" nayo hivyohivyo. Nikadhani ni herufi za kanisa. Sikujali. Ijumaa mchana nikatia karatasi, nikaandika jina la mwanangu kwa kidole kimoja, kama kuku anayechagua punje, na lilitoka lote, limenyooka. Skrubu tatu zilibaki na mashine inafanya kazi, kwa hiyo waliokosea hesabu ni watu wa kiwandani. Nikakimbia posta nikawapigia telegramu: MASHINE INAKUJA JUMAMOSI. Hapo ndipo nilipojiharibia.

Maana nilipotoka posta nikasema ngoja nimringie Bi Zuhura. Huyu ni mpiga chapa wa ofisi yetu, mama wa watu, kwao Pwani ila amezaliwa hapahapa Mbeya. Anapiga chapa huku anazungumza na mtu, macho yako mlangoni, na hakosei. Nikamwekea mashine mezani. Akakaa, akaanza kupiga huku anamwuliza tarishi habari za harusi. Kisha akatazama karatasi. Akapiga tena.

"Baba Neema," akasema, "kitu hiki umekiokota wapi?"

"Sikukiokota, nimekiunda."

"Umekiunda kwa lugha gani? Tazama. Mimi nimeandika 'barua yako ya zamani'. Yenyewe imeandika 'barua zako za yamani'."

"Labda vidole vyako vimeteleza, bibi."

"Vidole vyangu!" Akaviinua vyote kumi usoni pangu. "Vidole hivi vimekula chumvi nyingi, bwana wee. Ndivyo vilivyoandika barua yako ya kuonywa ulipochelewa kazini. Ilikosewa hata herufi moja?"

Haikukosewa, Mama Neema. Ninayo mpaka leo.

Akanionyesha. Mashine za Wajerumani zimepangwa kwa kufuata lugha yao. Pale mashine zetu zinapoweka Y, wao wameweka Z, na pale petu pa Z wao wameweka Y. Mimi sikuliona hilo, kwa sababu natafuta kila herufi kwa macho, nikiiona naidonoa, iwe imekaa wapi haijalishi. Ila mpiga chapa wa kweli hatazami. Vidole vyake vinajua njia kama ng'ombe wanavyojua njia ya mtoni.

Nikajikaza. Nikasema, "Basi si binti atazoea tu?"

Bi Zuhura akavua miwani. "Ndiyo, atazoea," akasema. "Na hilo ndilo baya lenyewe. Wiki mbili atakaa na hii, vidole vizoee. Siku ya mtihani anakalishwa kwenye mashine ya ofisi. Kila Y itatoka Z, kila Z itatoka Y, na saa inakwenda. Utakuwa umemsaidia kushindwa."

Nilirudi chumbani nikakaa na mashine mapajani. Basi lilikuwa linaondoka asubuhi yake, telegramu imekwisha fika kwenu, sanduku nimeshaligongea misumari upande mmoja. Shetani akaniambia, "Ipeleke, nani atajua? Herufi mbili tu." Lakini jaribu kusoma mstari wowote wa barua hii ukiziruka hizo mbili, uone kama utafika mbali. Nikaona afadhali mama yake anicheke stendi kuliko mwanangu aaibike ofisini. Kwa hiyo Jumamosi mlipokuwa mnangoja, mimi nilikuwa kwa sonara.

Usishangae. Herufi ni kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mahindi, kimeunganishwa kwa risasi iliyoyeyushwa kwenye ncha ya kikono chake. Vitufe vya juu nilivibadilisha mwenyewe kwa koleo, kazi ya dakika mbili. Lakini kuzing'oa zile herufi mbili, ya huku iende kule na ya kule ije huku, zikae sawasawa na wenzao, hiyo si kazi ya mikono yangu. Mafundi wa magari wote walinifukuza. Mmoja akaniambia nilete gari. Ndipo nikamwendea Mzee Salum, yule anayewatengenezea maharusi mikufu kwa dhahabu ya Chunya.

Akaiweka mashine juu ya benchi lake, akaizunguka mara mbili kama anayenunua ng'ombe. "Hii ni hereni tu," akasema. "Hereni yenye masikio mengi."

Alipuliza moto kwa kale kamrija kake, taratibu, mimi nimeshika pumzi. Y ikakaa mara ya kwanza. Z ikakaa upande, imeinama kama mtu aliyetoka kwenye pombe ya ulanzi. Nikasema inatosha, mzee. Akanitazama kama nimemtukana. "Inatosha? Mimi mkufu wangu ukiinama, bibi harusi anainama nao." Akaing'oa, akairudia. Akairudia tena mara ya tatu. Mchana mzima ukaishia kwenye herufi moja.

Nilipomuuliza ujira akasema hataki, ila anataka kuandika jina lake. Akakaa, akatafuta S, akaipata. Ilimchukua muda mrefu kuliko hiyo kazi ya moto. Alipomaliza akaitoa karatasi, akaitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu, akaikunja ndogo na kuitia kwenye kijisanduku anachowekea dhahabu. Mimi nami nikatazama pembeni.

Jana Bi Zuhura ameipima. Nilimfunga macho kwa kitambaa cha kichwani mwake mwenyewe, ofisi nzima imesimama mlangoni. Akapiga ukurasa mzima. Akafungua kitambaa, akasoma, akasema, "Z yako ni nzuri kuliko ya mashine yangu." Nikajifanya sikusikia ili alirudie. Akalirudia.

Basi mashine ndiyo hiyo mbele yako, maana barua hii nampa utingo pamoja na sanduku. Mkilifungua msitumie nyundo, tumieni bisibisi. Ndani kuna maranda ya mbao, yatoeni yote msiache hata unyuzi. Zile herufi za macho mawili Neema aziache tu zipumzike, zimetoka mbali. Ina kelele kidogo, na kengele yake inalia kabla ya wakati, lakini inapiga sawa na mashine ya ofisi yoyote. Hilo nakuhakikishia, na safari hii mashahidi ninao.

Sasa sikiliza maagizo ya Bi Zuhura, maana ndiyo yatakayompa mwanao kazi. Mfunike Neema mikono kwa kanga, asivione vidole vyake. Halafu awepo mtu wa kumsomea kwa sauti, yeye apige anachosikia. Bila msomaji, anasema, mashine ni chuma tu. Nikamwambia msomaji yupo, amepata cheti cha kisomo, na anasoma vizuri kuliko mumewe anavyounda mashine. Kwa hiyo kila jioni kaa naye. Soma chochote, gazeti, Biblia, hata hii barua. Mwanzo yeye ndiye atakayekungoja wewe. Mwache angoje. Baada ya wiki mtakwenda sawa, na kabla ya mtihani utaona unamkimbiza.

Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa ya kifua ipo pembeni ya sanduku. Msalimie shemeji yangu Yohana, na wifi yako Skola na mapacha wake, na jirani mwenye mkokoteni, mwambie ahsante kwa mara zote mbili.

Nakuomba jambo moja tu. Jibu la barua hii lipigwe chapa na Neema, lakini maneno yawe yako wewe. Usimwachie yeye aniandikie "sisi hatujambo". Kaa, fikiri, sema unalotaka kuniambia, na yeye alipige kama ulivyolisema, hata kama ni matusi. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na sijawahi kupokea barua yako.

Ni mimi mumeo, ninayekwenda posta kuulizia kuanzia kesho,

Baba Neema.