Mkanda wa Ngozi ya Maksai Mwekundu

Kambi ya laini ya umeme, Tukuyu

Kwako Baba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, kifua chako kimetulia, na Mama ameanza kula. Huku kwetu ni mvua tu. Mimi ni mzima, na katika barua yako nimeona kwamba hilo ndilo linalokuuma, kwamba aliye mzima ni mimi.

Kabla sijaendelea naongea na katekista, kwa kuwa ndiye anayekusomea. Mwalimu, wewe una huruma, na ukisomea watu barua huwa unaruka maneno makali. Hii usiiruke. Baba akikuambia nyamaza, ngoja kidogo, halafu uendelee ulipoishia.

Baba, umeuliza Gwandu alikufaje na mimi kaka yake nilikuwa hapohapo. Umesema nimemzika ugenini kama mbwa. Halafu, chini kabisa, umesema mdogo wetu Margwe amemaliza shule, umemkatia mkanda kutoka nusu iliyobaki ya ngozi ileile, na mwezi ujao atapanda basi aje ashike nafasi ya marehemu, kwa sababu koleo la kukazia waya na vyuma vya kupandia nguzo vipo tayari na havihitaji kununuliwa. Hapo nilitoka nje nikasimama mvuani. Nilimzika mmoja juzijuzi, na wewe umeshampima wa pili kiuno.

Basi nikujibu. Unakumbuka Krismasi ile tulipokuja likizo. Tulikueleza kwamba mkandarasi hagawi vifaa. Mwenye vyake anapanda nguzo na kulipwa kama fundi, asiye navyo anachimba mashimo. Fedha ya maharage haikutosha kununua vyote, ikabidi tuchague vya kuanza navyo. Mimi nikasema mkanda kwanza. Nilikuonyesha kwenye nguzo ya zizi: unaufunga kiunoni, unauzungusha kwenye nguzo, unaegemea nyuma, na mikono yote miwili inabaki huru kufanya kazi. Mtu akiwa juu anaegemea mkanda, haegemei koleo.

Ukacheka. Ukasema, "Huo wa dukani si ngozi tu waliyoipaka rangi? Chuma siwezi kukitengeneza. Ngozi naijua tangu mama yenu hajanijua. Nunueni chuma, ngozi niachieni mimi."

Nani angekubishia? Kijiji chote cha Qurus nira zao zimefungwa kwa kamba zako. Hata Wamasai wa Endulen hushuka na punda wao kuzifuata. Ukachinja maksai mwekundu, ukakata mkanda, ukautoboa matundu, ukaingiza pete mbili za chuma. Ukamfunga nao fahali wa jirani, tukamchapa, akavuta hadi akapiga magoti, na mkanda haukufanya kitu. Mjomba akapiga makofi. Ukautemea mate ya baraka, ukamvisha Gwandu.

Mimi nikachukua fungu langu la fedha, nikaenda Arusha nikanunua mkanda kwa mlango wa nyuma wa duka, maana rafu za mbele zilikuwa tupu. Fedha iliyobaki ilitosha vyuma vya miguu tu, koleo nikawa naazima. Uliposikia, ukaniambia mbele ya wageni, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Gwandu alisikia la mkuu. Mimi miguu yangu yote miwili ninayo.

Ngozi yako Baba, huko nyumbani ni kama ubao. Jua linaikausha, upepo unaikausha, unaipaka mafuta kidogo, inadumu kuliko aliyeivaa. Lakini hujawahi kuliona jua la Tukuyu, na sisi hatulioni pia. Hapa shati halikauki wiki nzima, chumvi inageuka maji kwenye kopo. Mkanda wa Gwandu ulianza kulainika siku za kwanzakwanza tu. Nilipoubonyeza ulikuwa kama nyama. Nikamwambia, "Leo vaa wangu, mimi nitachimba."

Akasema, "Huu Baba ameutemea mate. Nikivua, nitamwambia nini?"

"Baba yuko Karatu. Atajuaje?"

"Atajua tu, kaka. We hujui kumwogopa, ndiyo shida yako."

Akapanda. Nilikuwa chini nashika kamba ya kuvutia waya. Aliegemea nyuma, akatoa koleo, akaanza kukaza. Ngozi yako haikukatika, Baba. Uliapa haitakatika na kweli haikukatika, hata uzi mmoja. Tundu la pete lilivutika kama mdomo, pete ikachomoka, na mdogo wangu akaja chini kwa mgongo. Nilifika kabla hajakata roho, akaniambia, "Mwambie Baba niliteleza." Ndiyo maana telegramu ilisema aliteleza. Nilikuwa nimekusudia kukuachia hivyo mpaka tuzikane. Barua yako ndiyo iliyonifungua mdomo.

Koleo alikuwa bado amelishika. Tulimkunjua vidole kulitoa. Fomeni akasema nguzo ile imalizwe kabla ya giza, na hakukuwa na mwingine mwenye mkanda wa kuaminika. Nikapanda mimi. Nilimaliza kazi ya Gwandu kwa koleo la Gwandu, naye amelala chini amefunikwa turubai, na kila nikitazama chini namwona.

Kuhusu kuzikwa kama mbwa: gari la kumfikisha Karatu halikupatikana. Kaburi tulilichimba wenyewe kwa mitaimbo ya mashimo ya nguzo, na wanaume wa kambi nzima walilia. Sijaona mbwa aliyezikwa hivyo.

Nina hasira nawe, Baba. Nakuheshimu na nina hasira nawe, yote mawili kwa pamoja, na sijui nitaamkaje kesho nikiwa nayo. Najua hukutaka kumuua. Ulimpenda kuliko sisi wote, ndiyo maana ulimpa ngozi ya maksai yule.

Sasa Margwe. Akitaka kuja, aje. Koleo na vyuma vya marehemu ninavyo, nitampa. Lakini uza ng'ombe, anunuliwe mkanda wa kiwandani kabla hajanunua hata kiberiti. Huna moyo wa kuuza ng'ombe, basi abaki ashike jembe. Akishuka kwenye basi amevaa cha kwako, nitamrudisha kwa basi hilohilo, na sitakuandikia tena.

Msalimie Mama, umwambie shati la kitambaa alilomshonea Gwandu ndilo tulilomzika nalo. Msalimie dada Paulina na mumewe. Mjomba aliyepiga makofi naye msalimie. Mwalimu katekista, ahsante kama umefika hapa bila kuruka.

Barua hii imekuja na kifurushi. Ndani yake umo mkanda wa Gwandu, nimeukausha juu ya moto wa jikoni, na pete nimeirudisha kwenye tundu lake. Ukiutazama utaona ni mzuri, na utasema mtoto huyu anakusingizia. Kwa hiyo ulowanishe kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi jifunge kiunoni, uuzungushe kwenye nguzo ya zizi, kisha uegemee nyuma kwa uzito wako wote, mikono yote miwili ikiwa huru, kama alivyofanya yeye. Margwe awepo atazame. Pale zizini hakuna urefu. Utaangukia mavi ya ng'ombe, utainuka, utajifuta.

Mimi mwanao asiyesikia la mkuu,
Bura