Saa Aliyoivua Mama Tryphosa

Jumatatu, 3 Machi 2025
Wodi ya akina mama imeletewa saa za kuvaa mkononi. Zinahesabu mapigo ya moyo na hatua, kisha zinatuma kwenye tableti. Nani kapewa tableti? Persis, karani mwenzangu. Miezi minne kazini! Mimi mwaka wa pili huu nakwenda kitanda hadi kitanda nikinakili vipimo walivyochukua manesi. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Jumatano, 5 Machi
Sista Adoyo, mkubwa wa wodi, alimsifu Persis mbele ya wote. Kisha mimi: wewe kaka, hiyo kalamu tuiweke makumbusho? Wakacheka. Persis hakucheka, alinionea huruma. Afadhali angecheka. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Makarani wawili hatutahitajika.

Ijumaa, 7 Machi
Kitanda cha sita yupo Mama Tryphosa wa Ekerenyo, mgonjwa wa moyo. Jua likikaribia kuzama akavua saa. Sabato haiingii nikiwa na bangili, akasema. Mkamwana wake, Emily, akamwambia hiyo ni ya daktari, si pambo. Mama akamjibu: basi vaa wewe, uliyezoea mapambo. Emily akaivaa ili isipotee.

Niliona yote. Persis alikuwa ameshaenda nyumbani. Nitamwambia kesho.

Jumamosi, 8 Machi
Sijamwambia. Asubuhi kanionyesha tableti: mapigo sabini na mawili, hatua elfu tatu. Ona, mama anatembea! Aliyetembea ni Emily — maji ya moto, nguo za kuanua. Nikasema hongera. Niliwaza: acha aumbuke mwenyewe, nami nibaki na kazi. Ndivyo nilivyowaza. Mungu anisamehe.

Saa nane mchana. Nimepita kitanda cha sita. Midomo ya mama ni rangi ya majivu. Anahema kama aliyepanda mlima, naye amelala tu. Emily kateremka kununua uji, saa mkononi.

Sista Adoyo alikuwa mlangoni na orodha ya wanaoruhusiwa kwenda nyumbani. Kitanda cha sita vipi? Nilifungua mdomo. Persis akawahi: safi kabisa, Sista. Sista akatia alama, hata kitandani hakufika.

Nimejifungia chumba cha mafaili. Persis ameacha tableti hapa, kaenda kula. Kitanda cha sita: sabini na nane.

Nikitoka nitaulizwa nilijua tangu lini.

Themanini na tano. Tisini na moja — Emily anapanda ngazi.